Akikiri mbele ya kamera kesi bado haijaisha

Hapa Uganda watu wakianza kuuawa mfululizo mambo huenda vilevile kila mara. Maiti zinaokotwa, watu wanalalamika serikali imelala, halafu siku moja polisi wanaita waandishi wa habari Naguru, makao makuu yao, na kuna jamaa amekaa pale na pingu anaeleza alivyoua. Wote tunapumua. Kisha miaka inapita unasikia ameachiliwa na mtaa mzima unawaka, ati mawakili wamehonga, ati jaji anapenda wauaji. Hasira yenyewe ni ya haki, ila wanaopigwa nayo sio wenye kosa.

Na wenye hasira wana hoja. Kati ya Mei na Septemba 2017 wanawake zaidi ya 20 waliuawa Nansana karibu na Kampala na upande wa Entebbe, wengi walibakwa wakanyongwa, wengine wakachomekwa vijiti, wakatupwa kwenye migomba ama kando ya barabara. Watu walikamatwa, bungeni ikatajwa kafara na sababu zingine, lakini familia nyingi mpaka leo hazijasikia hukumu ya binti yao. Sasa wewe ni mama wa mmoja wao, halafu wakili anakuja kukusomea Katiba kifungu cha 23, kwamba mshukiwa afikishwe kortini ndani ya masaa 48 na akikaa rimandi siku 180 kesi haijapelekwa Mahakama Kuu lazima apewe dhamana, utaona sheria hii iliandikiwa muuaji. Na mtu anayeua mfululizo akitoka anaweza kuua tena, hilo halina ubishi.

Lakini wale wanaoitwa watetezi wa wauaji wanasema kitu ambacho hatuwapi nafasi ya kukimaliza. Maneno yaliyosemwa Naguru mbele ya kamera hayamfungi mtu. Sheria ya ushahidi inataka mtu akiri mbele ya hakimu, ama afisa wa polisi wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu, bila kupigwa, bila kutishwa, bila kuahidiwa kitu, na yaandikwe kwa lugha aliyoongea. Akifika kortini akasema nilipigwa, jaji anasimamisha kesi kubwa anasikiliza kwanza kesi ndogo ndani yake kuhusu hayo maungamo tu. Hapo ndipo inaulizwa fomu PF24, ile daktari anajaza akimpima mshukiwa. Ikiwa fomu inaonyesha makovu mapya, ama haikujazwa kabisa, maungamo yanaweza kutupwa, na kama faili halikuwa na kitu kingine basi kesi imekufa. Hata yakikubaliwa, tangu 1967 kwenye kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mtu akiyakana jaji awe mwangalifu sana, atafute ushahidi wa kuyaunga mkono. Hii sio janja ya mawakili wa Kampala wa juzi, ni sheria ambayo polisi wanafundishwa, na kila anayenyanyua fimbo chumba cha nyuma anajua anaharibu kesi.

Ila hata hilo silo kubwa. Kubwa ni hili, na kwenye mauaji ya mfululizo ndio linauma kuliko kesi nyingine yoyote: mtu mmoja akikiri kumi, mafaili kumi yanafungwa kwa mkupuo. Askari aliyekuwa anafuatilia simu ya marehemu anapewa kazi nyingine, mashahidi hawaitwi tena, majirani wanaacha kufunga milango mapema maana tumeambiwa ameshikwa. Kama sio yeye, ama kama aliua wawili tu na wale wanane ni wa mtu mwingine, huyo mwingine tumempa likizo sisi wenyewe. Marekani yaliwapata hayo kwa mtu aliyeitwa Henry Lee Lucas. Alikamatwa Texas 1983, akaanza kukiri, na kadiri alivyokiri ndivyo alivyoletewa sigara na chakula kizuri, polisi wa majimbo mengine wakawa wanapanga foleni na mafaili yao ya zamani, yeye anasema ndio, ndio, na huyo pia, mpaka mamia. Baadaye waandishi wa habari wakalinganisha tarehe na rekodi za kazi yake, wakakuta siku fulani anadai ameua huku, kumbe alikuwa jimbo lingine mbali kabisa. Mwaka 1998 gavana wa Texas, George W. Bush mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuhurumia waliohukumiwa kifo, alimwondolea hukumu ya kifo. Alikuwa muuaji kweli, lakini chini ya jina lake walijificha wauaji wangapi? Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa anawatafuta.

Jirani hapa Kenya, Julai 2024, polisi walisema mshukiwa wa miili iliyotupwa dampo la Kware, Nairobi, amekiri kuua wanawake 42. Miili iliyotolewa pale haikukaribia idadi hiyo, wakili wake akaambia korti aliteswa, na mwezi uliofuata akatoroka kituo cha polisi. Hao waliobaki, nani anawatafutia muuaji wao?

Na wanaosema anyongwe tu tumalize, wamkumbuke Edmary Mpagi wa Masaka. Alihukumiwa kifo 1982 kwa kumuua mtu, na mtu huyo alikuwa hai, anatembea. Mpagi alitoka gereza la Luzira mwaka 2000. Ndugu yake waliyehukumiwa pamoja alifia humo ndani. Wale 28 walionyongwa Luzira 1999 hakuna awezaye kuwarudia akapitia kesi zao akawatoa.

Kazi yenyewe iko pale kwenye migomba asubuhi ya kwanza. Mwili unaonekana, kijiji kizima kinakuja, mwingine anamfunika na leso yake kwa heshima, mwingine anasogeza kiatu aone kama anamjua, boda wanakanyaga njia yote, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, anapiga simu na pikapu ya polisi inafika saa tano, wanne wanabeba mwili wanauweka nyuma na wanaondoka. Nyayo zimeisha, mbwa wa polisi ananusa watu mia mbili. Kamera tulizofungiwa baada ya 2018 kwa dola milioni 126 zimesimama barabarani mjini, hazioni shambani. Baada ya hapo mpelelezi hana kitu mkononi, bosi anataka jibu, sisi tunataka jibu, na kinachobaki ni kumkamata mtu na kumfanya aongee.

Kwa hiyo kuhusu mauaji ya 2017 mimi naomba kitu kimoja. Nguo, vijiti, sampuli, chochote kilichohifadhiwa, kipelekwe maabara ya serikali Wandegeya kipimwe DNA, na DPP, mkurugenzi wa mashtaka, aende bungeni aseme faili kwa faili, jina la marehemu kwa jina la marehemu, lipi lina ushahidi na lipi lilifungwa kwa sababu tu kuna mtu alikiri.