Wabeba boksi tunatembea usiku kucha, na vitambi vinakua

Kila anayerudi likizo kutoka Marekani akiwa amenenepa huambiwa lilelile: huko mnapanda magari tu, hamtembei. Mimi sikubali. Njooni muone zamu ya usiku kwenye maghala ya hapa Columbus, Ohio. Tunasukuma matoroli, tunapanda ngazi, tunanyanyua mizigo mpaka mgongo unawaka. Na bado wengi wetu tunanenepa.

Saa nane usiku tunapewa mapumziko ya nusu saa. Maikrowevu ni moja, foleni ndefu, kwa hiyo aliyebeba wali na maharage kutoka nyumbani anakata tamaa na kugeukia mashine ya vinywaji. Chupa ya kola inayotoka pale ni ya mililita 591, ina gramu 65 za sukari, kama kalori 240. Mtu wa kilo 80 akitaka kuziunguza kwa kukimbia, ni takriban kilomita tatu. Anaimaliza kabla hajakaa vizuri.

Ushahidi mzito zaidi kwamba kutembea peke yake hakupunguzi unene umetoka kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kutembea mbali kila siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori walizounguza kwa siku hazikuzidi za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa tu. Pontzer anaeleza kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Mimi nayaamini haya, kwa sababu nayaona kazini. Ongeza njaa inayokuja baada ya jasho, utaelewa kwa nini mizani haishuki.

Tofauti kubwa ya huku na nyumbani iko kwenye sahani. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na timu yake hapa Marekani waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi, wakawaruhusu kula hadi washibe. Walipopewa vyakula vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa chakula cha kawaida, na ndani ya wiki mbili wakaongezeka karibu kilo moja.

Ndiyo maana nina wasiwasi na Dar. Klabu za jogging zimejaa na nafurahi sana, maana mazoezi yanashusha presha, yanasaidia sukari, yanaimarisha misuli, na aliyekwisha kupungua yanamsaidia asirudi alikotoka. Lakini watu wakimaliza kukimbia Jumapili wanakaa kwenye supu, chapati tatu na soda baridi, jioni chipsi mayai, halafu mwezi ukiisha wanajilaumu kuwa ni wavivu. Si wavivu hata kidogo. Wakimbie vilevile wanavyokimbia, ila soda na juisi za boksi waziache dukani, na chapati iwe moja.