Jino Langu Limetangulia Kaole

Kabla hamjaendelea kuniulizia hali ya tumbo: sikulimeza.

Rafiki yangu wa bajaji, yule mnayemjua kwa video zake za asubuhi pale stendi, ameshaitangazia Bagamoyo nzima kwamba fundi wa vitofali kameza jino na sasa anasubiri litoke lenyewe. Imefika mahali muuza samaki wa sokoni kaniletea papai bila kudai hela, eti la kusaidia. Papai nimelila, nashukuru, ila stori siyo hiyo. Stori ni mbaya kuliko hiyo, na huyo wa bajaji anaijua maana alikuwepo. Kaipunguza ili nisimkasirikie.

Kwa wageni mliohamia humu juzi: mwenzenu najenga majengo ya kale ya mji huu kwa vitofali vya Lego. Ndiyo, vya watoto. Ndiyo, nina mke. Boma la Mjerumani la 1897 nilishalimaliza zamani, mama watoto analitumia kuwekea simu ikiwa kwenye chaji. Safari hii nilikuwa nahangaika na magofu ya Kaole: misikiti miwili, mkongwe wake wa karne ya 13, kisima, na yale makaburi ya matumbawe na chokaa. Waliofika kule, kilometa tano hivi kusini mwa mji, wanajua kwamba makaburi mengine yana nguzo, na kwamba watu wa zamani walikuwa wanapachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo hizo. Bakuli kutoka China, limevuka bahari, halafu linapachikwa juu ya kaburi la mtu mkubwa. Hapo ndipo nilipotaka kuonyesha ufundi wangu.

Namna ya kuyapachika ni hii. Vitofali vya kawaida vina vinundu juu, lakini viko vidogo vyenye kinundu ubavuni. Unakichomeka hicho katikati ya nguzo, kinundu kinachungulia nje, halafu juu ya kinundu unabana kipande cheupe cha duara. Tayari bakuli. Taabu ni kwamba vipande vyangu ni mtumba wa midoli kutoka Dar, na plastiki nyeupe ikikaa sana juani inageuka manjano. Kwa hiyo mabakuli yangu hayakuwa meupe kivile, yalikuwa na rangi ya meno ya mnywa chai. Hiyo manjano ikumbukeni.

Na jingine la kukumbuka: jino langu la mbele, la juu kushoto, si la Mungu. La Mungu lilivunjika nikiwa sekondari, tulipogongana na mlango wa daladala. Daktari akakichonga kile kisiki, akakivika jino la bandia lenye uwazi kwa ndani, akalibana kwa gundi. Miaka yote hii nimecheka nalo, nimeoa nalo, na wengi wenu ndiyo leo mnajua.

Haya. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa mjini, jina naliacha maana mpwa wangu anasoma pale na bado anahitaji kufaulu, akaniomba nilete Kaole yangu siku ya wazazi, niwaeleze watoto historia kidogo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikagundua nguzo kubwa imeinama. Lazima niitoe chini. Na chini yake kuna vibamba viwili vyembamba, saizi moja, vimelaliana.

Asiyejenga hawezi kuelewa chuki yangu. Vibamba hivi, vitatu ukivibebanisha ndiyo unapata kimo cha kitofali kimoja. Viwili vikigandana sawasawa hakuna pa kuingiza hata ukucha. Kipo kifaa chake maalumu, kibanuo cha rangi ya machungwa, na mimi ninacho. Kilikuwa jikoni. Kwa muda mrefu tu kimekuwa kikifungulia makopo ya maziwa ya unga, na jikoni mama watoto alikuwa anapika maandazi ya asubuhi, hataki mtu.

Nikauma.

Msinihukumu. Kila mjenzi wa vitofali duniani ameambiwa asitumie meno, na kila mjenzi anatumia. Kwenye mtumba wangu nimeshakuta vibamba vina alama za meno ya watoto wa Ulaya huko, sijui wa nchi gani, ila wana meno yenye nguvu.

Pakalia *tk*. Vibamba vikaachana. Nikafurahi, nikavuta pumzi ya ushindi, na ile hewa ikapita baridi mahali ambapo haijawahi kupita.

Beseni lilikuwa mapajani. Maelfu ya vitofali, vingi vyake vyeupe, na katikati yake kimoja kimetoka kinywani mwangu. Mama watoto akachungulia akauliza nimepoteza nini. Nikasema, "Thijapoteza kitu." Alikaa chini. Maandazi yaliungua.

Mpwa wangu, yuko darasa la sita, ndiye aliyekuwa na utu. Akaingiza mikono kwenye beseni, haikupita muda akapiga kelele, "Mjomba, jino hili hapa!" Moyo ukatulia. Akanipa kitofali. Sasa kuna kitofali kweli chenye jino, kibamba kidogo kimechongoka mbele, wajenzi tunakitumia kwa kucha na meno ya dainosaria. Nikamwambia siyo hilo. Akatafuta tena. Likapatikana jingine, la dainosaria. Na jingine. Mpaka tunakata tamaa nilikuwa na meno ya kujaza kinywa kizima, langu tu ndiyo halimo. Nikamwachia amalizie nguzo na mabakuli yake, nikaenda kulala nimeelekea ukutani.

Asubuhi tukaenda na bajaji, Kaole mapajani kwangu, mdomo nimefumba. Bwana bajaji akauliza mbona leo kimya. Mpwa akamjibu kwa niaba yangu, kwa kirefu. Ndiyo maana aliegesha chombo akaingia ndani, abiria wake wakabaki barabarani.

Hotuba nilikuwa nimeiandaa wiki nzima, na sikuwahi kujua kwamba imejaa herufi S. Kila nikiifikia, hewa inatoka kwenye lile pengo na mluzi. Nikaanza, "Ms*fyuu*kiti wa Kaole." Darasa la tatu wakainua vichwa. Nikaenda mbele, nikawaambia vitofali hivi vya Denmaki vilisajiliwa mwaka 1958, na kitofali cha mwaka ule mpaka leo kinabana na cha leo. Hapo nikapita na miluzi michache tu. Kisha nikaingia, kwa miguu yangu mwenyewe, kwenye ile hesabu ninayoipenda: kwamba ukichukua vitofali sita tu vya vinundu vinane vinane, vya rangi moja, vinaungana kwa namna 915,103,765. Sasa wewe isome hiyo namba kwa sauti. Anza na "sita". Halafu mia tisa. Halafu mia saba. Halafu sitini. Nilipofika sitini na tano watoto wa darasa la tatu walikuwa wananijibu kwa miluzi, kwa zamu, wamejigawa pande mbili, na bwana bajaji kule nyuma kashikilia simu kwa mikono miwili ili picha isicheze.

Nikajua hapo ndiyo mwisho wa aibu. Loo.

Mgeni rasmi alikuwa mzee wa heshima, kanzu na koti, mwalimu wa zamani aliyewafundisha nusu ya wazazi waliokuwepo. Akasimama kuja kuitazama kazi. Hapa naomba twende taratibu, maana kila nikifumba macho naiona.

Akatoa miwani kwenye mfuko wa koti. Akaifuta kwa ncha ya kanzu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto. Akaivaa sikio moja, kisha la pili. Akainama. Kidole chake kikaanza safari kwenye msikiti, kikaingia kwenye kibla, kikatoka, kikazunguka kisima. "Mashaallah." Kikafika makaburini. Kaburi la kwanza. La pili. Kikaanza kupanda nguzo kubwa. Bakuli la kwanza, akalipapasa, akageuka kuwaeleza watoto kuhusu biashara ya China na pwani yetu, akaeleza vizuri kunizidi, bila mluzi hata mmoja. Bakuli la pili. Akapanda bakuli la tatu, la juu kabisa.

Kidole kikasimama.

Akavua miwani. Akaivaa tena.

Mimi nikafuata kidole. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kile kipande si cha duara. La pili ni kwamba ile manjano naijua, ile manjano naipiga mswaki kila siku ya Mungu. Nikamtafuta mpwa wangu kwa macho. Mpwa kaniinulia dole gumba.

Kutoka mkeka wa mbele kabisa kasichana kakasema, kwa ile sauti ya mtoto anayesaidia, "Babu, hilo jino."

Mwalimu wa zamu akamkatiza haraka, "Siyo jino, mwanangu, ni bakuli la Kichina."

"La Mchina aliyekufa?"

Pakawa kimya. Wazazi, walimu, watoto, wapishi waliotoka jikoni na miko, wote wakaitazama nguzo. Halafu, pole pole, bila kuambiana, wote wakahamisha macho kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye kinywa changu. Na kinywa changu, jamani, kilikuwa wazi.

Mzee akaniuliza kwa upole uliozidi, "Mwanangu, hili ni la kwako?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema ndiyo. Ningesema hapana. Ningezimia. Badala yake adabu ya utotoni ikanitoka yenyewe, kwa mluzi mrefu kuliko yote ya siku ile:

"Shhh*fyuuu*kamoo."

"Marahaba," akajibu.

Shule ikapasuka. Mwalimu mkuu alijifunika uso na ratiba. Kuna mama mmoja ilibidi ashikwe. Mimi nikaona njia pekee ni kulichukua jino langu na kuondoka, nikalivuta. Halitoki. Kinundu cha kitofali kina upana wa milimita 4.8, na ule uwazi wa ndani ya jino langu, kwa mapenzi ya Mungu, unakitosha sawasawa. Nikavuta tena, nguzo ikaanza kung'oka na kaburi zima. Ndipo kutoka nyuma ikaja sauti ya rafiki yangu, rafiki yangu wa miaka yote, ninayemkopesha hela ya mafuta:

"Tumia meno!"

Yaliyobaki nayapitisha mbio. Mpwa alilichomoa. Nimemuuliza, anasema alilikuta kwenye beseni alfajiri, akaona ni bakuli lililovunjika, akalijaribisha likaingia, akajua ndiyo kazi yake. Na mtoto aliyetafuta jino usiku mzima halitambui jino, sina la kumwambia. Daktari kaligandisha upya, kauliza lilitokaje, nikasema muwa. Video kaitazama mama yangu, kanipigia simu kuuliza kama lile jino ni langu au la marehemu wa Kaole, maana kama ni la marehemu nilirudishe haraka na nisome dua. Kibanuo nimekirudisha kwenye sanduku la vitofali, leo asubuhi nimekikuta jikoni tena. Mwenye cha ziada anitumie kwa basi la Dar, nauli juu yangu.

Jana mwalimu mkuu kapiga. Anasema nguzo iliyobaki pale imeacha tundu, na darasa la tatu hawalali, wanaulizia. Wanaomba nirudi muhula ujao na Ngome Kongwe ya hapa mjini, na kama haitanisumbua, jino nije nalo mkononi.

Nimemwambia nitamjibu Jumatatu.