Lengo la mteja na faili lake: yanamtumikia nani?

Mtu amelala nje miaka mitatu. Leo ameketi mbele ya ofisa wa huduma za makazi, mfuko wake kaubana katikati ya miguu, na mezani kuna fomu yenye kisanduku cha "Malengo ya mteja". Anaulizwa anataka nini. Anajibu, "Nataka kulala nimevua viatu." Aliyewahi kulala nje anaelewa mara moja: ukivivua, unaamka huna. Lakini kwenye kisanduku ofisa anaandika: "Kuongeza kipato ndani ya miezi sita. Kupunguza pombe."

Ofisa huyo si mtu mbaya. Anajua atakachoulizwa. Nchini Marekani, kwa mfano, miradi ya makazi inayopata fedha za serikali kuu hupimwa, pamoja na mengine, kwa kuangalia wateja wangapi wameongeza kipato na wangapi wamehamia makazi ya kudumu, na taarifa zao huingizwa kwenye mfumo wa pamoja wa kompyuta ambao viwango vyake vya kitaifa vilianza kutolewa mwaka 2004. Kipato kinahesabika. Viatu havina safu yake kwenye ripoti.

Hata hivyo, wanaosema tuache fomu tukae na watu tu, siwaungi mkono. Wahudumu wa kazi hii hubadilika mara kwa mara. Pasipo maandishi, kila mhudumu mpya anamrudisha mteja mwanzo: eleza ulivyofukuzwa kwenye nyumba, eleza ulivyofiwa, eleza ulivyopigwa. Huko ni kutonesha kidonda kila baada ya miezi michache. Tena maandishi humtetea mteja pale neno lake linapodharauliwa. Makazi mengine ya msaada hutengwa kwa walioishi bila nyumba muda mrefu, na muda huo lazima uthibitishwe. Hana risiti ya kulala chini ya daraja. Pengine ushahidi alionao ni daftari la mhudumu wa mtaani aliyeandika tarehe na mahali kila alipomkuta. Daftari hilo likipotea, nafasi ya nyumba nayo inaweza kupotea.

Ila maandishi hayohayo yanaweza kumgeukia. Mwaka 2017 ilifichuka kwamba ramani ya jiji la London, iliyoonyesha uraia wa watu wanaolala nje kutokana na taarifa za wahudumu wa mitaani, ilikuwa imefika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Wakati huo wizara ilikuwa ikiwakamata na kuwaondoa nchini raia wa nchi za Umoja wa Ulaya waliokutwa wakilala nje. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kwamba sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Sawa, lakini mtu aliyesikia habari hiyo atamtajia nani tena jina lake usiku wa manane? Hatari hii watunga sheria wanaijua. Marekani inayakataza mashirika yanayohudumia waliokimbia ukatili wa nyumbani kuingiza taarifa zao kwenye mfumo ule wa pamoja. Anayemsaka mkewe hahitaji zaidi ya anwani moja.

Kuhusu malengo, mvutano wenyewe hasa uko kwenye sharti. Utaratibu wa zamani ulikuwa ngazi: acha pombe, tumia dawa, fuata kanuni, ndipo upewe nyumba. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha New York shirika lililopindua mpangilio huo, nyumba ikatangulia. Kanada ikalijaribu jambo hilo katika miji mitano kuanzia mwaka 2009, kwa watu zaidi ya 2,000 wenye maradhi ya akili, na waliopewa nyumba kwanza walidumu kwenye makazi kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Hawakuachwa bila malengo, kwani wahudumu waliendelea kuwatembelea. Tofauti ni kwamba kushindwa kufikia lengo hakukuwa sababu ya kunyang'anywa ufunguo. Hapo ndipo ninaposimama. Lengo liwepo, lisiwe rungu.

Na lengo la viatu linapimika vizuri kabisa. Liandikwe lilivyosemwa, na chini yake: "Kufuli la chumba alichopewa halifungi. Ofisa atalishughulikia kabla ya Jumatatu." Jumatatu itaonyesha kufuli limetengenezwa au halijatengenezwa, na kwa mara ya kwanza anayepimwa ni ofisa.

Lugha ya faili nayo ina uzito. "Mteja hana ushirikiano" ni hukumu, na kila atakayelifungua faili atamkuta mtu amekwisha hukumiwa. Linganisha na hili: "Alifika saa nne, akaondoka saa nne na robo. Alisema kelele za korido zinamvuruga. Tumekubaliana tukutane nje Alhamisi." La pili linampa mhudumu wa kesho pa kuanzia, na linaweza kusomwa kwa sauti mteja akiwa amekaa palepale. Kipimo changu ni hicho: kama huwezi kumsomea, jiulize kwa nini umeliandika. Yapo ya kuyatenga, kwa mfano shaka kwamba mgeni wake anamnyang'anya fedha. Hayo yakae kando, na wanaoyaona wawe wachache.

Kuandika hivi kunachukua muda, na ofisa mwenye wateja arobaini hawezi kuwasomea wote. Hilo sina namna ya kulikwepa: anayedai kumbukumbu nzuri lazima alipie saa za kuziandika, la sivyo tutaendelea kupata "hana ushirikiano", maana ni maneno mawili tu.

Kisha faili lipewe tarehe ya kufungwa, na mteja aambiwe tarehe hiyo siku ya kwanza. Mtu aliyekaa kwenye nyumba yake miaka mitano, analipa kodi na majirani wanamjua kwa jina, hana sababu ya kufuatwa na mstari unaosema kwamba usiku fulani alikutwa amelewa.