Siku Sultani Alipotaga

Niliuziwa dume. Hilo naliweka wazi mapema, maana mke wangu mpaka leo anasimulia kisa hiki kana kwamba nilikusudia. Muuzaji alimgeuza mjusi, akamchungulia chini ya mkia kwa jicho la kitaalamu, akatamka: "Dume hili, tena la mbegu." Nikamwita Sultani. Ni mjusi wa asili ya Australia, wa rangi ya mchanga, mwenye miiba kidevuni. Akiudhika kidevu kinavimba na kuwa cheusi, na hapo ni kama unatazamana na mzee wa ndevu aliyekatiziwa usingizi.

Wiki ya tatu Sultani akagoma kula, akaanza kuchimba. Alichimba siku mbili kwenye kona ya tangi lake kama mtu aliyeambiwa babu yake alifukia hazina. Jioni ya siku ya pili nikamkuta amepwaya, ngozi inamning'inia mbavuni, na shimo limefukiwa na kushindiliwa kwa kichwa. Nikafukua kwa kijiko. Mayai 22, meupe, maganda laini kama ngozi ya glavu.

"Dume la mbegu," mke wangu akasema, akaenda zake.

Kumbe jike wa aina hii akishapandwa mara moja anaweza kuhifadhi mbegu mwilini, akaja kutaga baadaye bila kumwona tena dume. Sultani alihamia kwangu na siri zake tumboni. Jina sikulibadilisha, nilishalizoea.

Sasa, yai la mjusi si yai la kuku. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, mara nyingi tu. La mjusi ukiligeuza unaweza kuua kilichomo, kwa sababu kiinitete hujishikiza mapema upande wa juu wa ganda, na ukikipindua unakizamisha. Kwa hiyo nikachukua penseli nikachora alama juu ya kila yai, pumzi nimeibana, kama mtu anayeandika juu ya jipu la mwenzake. Nikayapanga kwenye trei yenye vamikulaiti, yale madini mepesi yanayonyonya maji, nikatia maji uzito uleule. Trei ikaingia kwenye kasha jepesi la kuhifadhia barafu, chini yake pedi ya joto, na themostati nikaitega nyuzi 29.

Kuanzia hapo nikaacha kuwa mtu wa kawaida. Saa nane za usiku nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kasha nikisoma kipimajoto. Baridi niliiogopa, lakini joto nililiogopa zaidi. Likipita nyuzi 32, mijusi hawa wenye vinasaba vya kiume huanza kutoka wakiwa majike. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kwamba jambo hilo hutokea hata porini. Mimi tayari nilikuwa na dume moja lililogeuka jike. Sikuhitaji jingine.

Nilipomulika kwa tochi, mayai 17 yalionyesha wekundu na vimishipa kama mito kwenye ramani. Matano yalibaki ya njano, yakaota ukungu, nikayatoa. Yale 17 yakanenepa wiki baada ya wiki. Nikayapenda. Sioni aibu kusema.

Siku ya 60 yakaporomoka. Yote! Yalibonyea kama mipira iliyotoka upepo, na juu ya maganda yametoka matone kama jasho. Nikajua yamekauka. Nikanyunyizia maji, nikapandisha joto kidogo, nikashusha, nikayaongelesha. Asubuhi yalikuwa yamebonyea zaidi. Mke wangu, ambaye miezi miwili hiyo alikuwa akinicheka, aliniwekea mkono begani: "Pole, baba watoto." Upole wake ndio uliniuma hasa. Nikazima pedi, nikafungua kifuniko, nikaiweka trei sakafuni sebuleni karibu na dirisha. Mazishi nikayaahirisha hadi kesho, kwa sababu siku hiyo baba mkwe alikuwa anakuja kulala, na sikutaka anikute nimeshika koleo huku nalia.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo mfugaji yeyote mzoefu angenieleza kwa sentensi moja: mayai ya mjusi huyu hubonyea na kutoa jasho pale yanapokaribia kuanguliwa.

Asubuhi nikasikia sauti ya mke wangu. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue. "Baba watoto. Njoo. Taratibu."

Trei ilikuwa imejaa maganda matupu yenye mipasuo misafi kama ya wembe. Juu ya kisanduku cha intaneti, kwa kuwa kina joto, walijipanga mijusi saba, kila mmoja urefu wa kidole cha kati. Pazia lilikuwa na wanne. Na kwenye kiti cha dirishani, jua likimmulika barabara, baba mkwe alikuwa amesinzia na gazeti kifuani. Ikumbukwe kwamba mjusi huyu hutafuta mahali palipoinuka penye jua, ajianike. Ikumbukwe pia kwamba baba mkwe ana kipara.

Wa kwenye kipara alikuwa ametulia, macho kayafumba nusu. Mwingine alikuwa gotini. Baba mkwe akafumbua jicho moja, likatua kwa yule wa gotini. Yule kiumbe akainua mkono wa mbele, akauzungusha polepole hewani, akaushusha.

"Nini hiki?" Baba akauliza bila kusogeza midomo.

"Baba, a... anakuamkia," nikasema. Huo haukuwa uongo kamili. Kwao mdogo akikutana na mkubwa hupunga mkono hivyo, kuonyesha kwamba hana ubishi.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Akamtazama yule mjusi muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiwatazama waliochelewa mstarini.

"Marahaba," akasema. Kisha akanyoosha kidole juu. "Na huyu?"

"Huyo bado hana adabu, Baba."

Kuwakusanya kulituchukua asubuhi nzima. Huwezi kumkamata kwa mkia, maana mkia wake ukikatika hauoti tena kama wa yule mjusi wa ukutani. Unamkinga kwa kiganja na kumbembeleza. Mke wangu alisimama juu ya kiti akiongoza kazi. Tulipohesabu, walikuwa 16. Tukapindua makochi, tukakung'uta viatu, nikachungulia hata ndani ya redio. Hakuna. Nikamtuliza kila mtu kwamba hata huyo aliyepotea hatakufa njaa leo wala kesho, kwa kuwa siku mbili tatu za mwanzo huishi kwa kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Baba mkwe alisikiliza hayo kwa makini, akafunga begi lake, akaaga.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na aliye chumba cha pili. "Siku tatu zile zimeisha. Huyu anakula nini?"

Nikashindwa kujibu mara moja. Nikamweleza habari za nyenje wadogo, na kwamba nyenje asizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mjusi, asije akakabwa.

"Nafasi hiyo nimeshaipima kwa rula," akasema. "Alikuwa ndani ya sweta. Usimwambie mama mkwe wako."