Kumpunguza Surdas si kumtukana

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kihindi, huimba kila asubuhi tungo za Surdas, au Sur, mshairi mtakatifu wa India wa karne ya 16 aliyemwimbia mungu Krishna. Juzi nilimweleza kazi ya wasomi wanaohariri tungo hizo na kutenga za kale na zilizoongezwa baadaye, akanikatiza: "Mwanangu, anayempunguza Sur anampunguza mtakatifu." Nilimwitikia kwa adabu, lakini maneno yale hayajanitoka.

Najua hesabu inauma. Sursagar, mkusanyo wa tungo zake, iliyochapishwa na Nagari Pracharini Sabha, chama cha lugha ya Kihindi, ina karibu tungo 5,000. Mswada wa kale kuliko yote unaojulikana, ulionakiliwa Fatehpur, Rajasthan, mwaka 1582, una tungo za Sur 239 tu. Msomi Kenneth Bryant alilinganisha miswada kwa miaka mingi, na toleo lililotoka mwaka 2015 pamoja na tafsiri ya John Stratton Hawley lina tungo 433 za karne ya 16. Zilizobaki ni za nani?

Ni za waimbaji. Utungo hufungwa kwa jina la Sur, na aliyekuja miaka 100 baadaye, akaona kwa macho ya moyo yule mtoto Krishna akiiba siagi, alifunga wake kwa jina hilohilo. Simwiti mwongo. Alipenda mpaka akaridhia kusahauliwa. Waswahili wenye nyimbo chungu nzima zinazoitwa za Liyongo hatuhitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Lakini mhariri anapotenga za kale na za baadaye, ndipo na huyu asiye na jina anapoonekana kwamba aliishi, akatunga, na akatunga vizuri. Tukizirundika zote juu ya Sur, tunamzika huyu asiye na jina.

Na kazi hiyo si ya mchezo. Katika miswada ile maneno hayaachanishwi. Mstari mzima umeshikana, mhariri ndiye anayeamua neno likatwe wapi. Tarehe nazo hudanganya: mwaka 1928 msomi Shyamsundar Das alichapisha tungo za Kabir, mshairi mwingine wa India, kwa kutegemea mswada wenye tarehe ya 1504, kumbe mwandiko wa tarehe haufanani na mwandiko wa mswada wenyewe.

Nakubali, shingo upande, kwamba hata mswada wa 1582 si sauti ya Sur. Tungo ziliimbwa kwanza, karatasi ikafuata.

Utungo aupendao mzee wangu nimeutafuta katika zile 433. Haumo. Leo alfajiri ameuimba tena upande wa pili wa ukuta, nami nikasimama na kikombe mkononi mpaka akamaliza.