Qinghao ilipita mtihani, na nyingine zipite

Kila nikisema dawa za asili za Kichina zipimwe kabla ya kuuzwa, najibiwa kwa jina moja: Tu Youyou, mwanasayansi wa China. Si alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa kwenye qinghao, mmea uliotajwa na wazee? Alipata, tena kwa haki. Lakini tazameni alivyofika huko.

Mwaka 1967 China ilianzisha Mradi 523, wa siri, kutafuta dawa ya malaria. Tu na wenzake Beijing walipekua vitabu vya kale, wakaorodhesha mamia ya tiba na kuzijaribu kwa panya. Nyingi hazikufua dafu, ingawa vitabu vilizisifu kwa uhakika uleule vilivyoisifu qinghao. Hata qinghao yenyewe ilisumbua: leo matokeo mazuri, kesho hamna kitu.

Ndipo Tu akarudi kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeelekeza kuloweka konzi ya qinghao kwenye maji, kukamua na kunywa. Hakutaja kuchemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akaanza kutoa dawa kwenye mmea kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza, kisha wakawapa wagonjwa 21. Namheshimu sana Ge Hong, maana bila mstari ule pengine tungesubiri zaidi. Ila kilichotuambia kwamba huo ndio mstari wa kuaminiwa ni panya, etha na wagonjwa wale.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaimeza kazi hiyo kila tukiugua malaria. Dawa mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu kwa mtu mzima, kila kimoja kina miligramu 20 za artemeta, inayotokana na artemisinini, kiini cha dawa kilichomo kwenye qinghao, na 120 za lumefantrini, dawa ya pili ya malaria. Aliyechemsha majani ya mmea huohuo nyumbani hajui kikombe chake kina kiasi gani. Dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea na kuvipa nafasi ya kujenga usugu, na Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kutibu malaria. Nasikitika ninapoona jina la Tu likitumika kuiuza.

Halafu wapo wanaosema mitishamba haina madhara. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina waliharibika figo, zaidi ya mia moja, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Mahali pa mmea mmoja ulikuwa umewekwa kimakosa mwingine wenye jina linalofanana, wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokia. Mmea huo wa pili nao ni wa jadi, umetumika karne nyingi. Madhara yanayojitokeza miaka kadhaa baada ya kumeza, tabibu anayemwona mgonjwa mmoja mmoja atayaonaje?

Kwa hiyo anayeniuzia pakiti ya kutibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, namdai majibu: ndani kuna mimea gani, kila mmoja kiasi gani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, ikalinganishwa na nini, na wangapi waliumia. Asipokuwa nayo, pesa yangu inabaki mfukoni, na mamlaka za dawa zinapaswa kuiondoa pakiti hiyo dukani.