Si madirisha peke yake

Eti ukungu, yaani kuvu ya ukutani, kwenye nyumba za kupanga Uingereza unaletwa na wapangaji wasiofungua madirisha. Hiyo ni nusu ya habari. Mvuke kweli unatoka kwa watu: nguo za mfuo mmoja zikianikwa juu ya redieta, chuma cha kupasha nyumba joto, zinaweza kuachia hewani kama lita 2 za maji. Lakini maji hayo hutua pale ukuta ulipo baridi, na nyumba nyingi za zama za Malkia Victoria zina ukuta wa tofali zilizoshikana, usio na uwazi katikati wa kujazwa sufi ya kuzuia baridi. Ndiyo maana doa jeusi huanzia kona ya juu ya ukuta wa nje, au nyuma ya kabati lililobanwa ukutani. Anzeni na feni ya bafuni, ambayo kanuni za ujenzi za England zinataka ivute lita 15 kwa sekunde. Ikiwa inazunguka, weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye wavu wake. Kikidondoka, feni hiyo ni pambo. Ama wavu umeziba vumbi zito kama pamba, ama bomba limechomoka huko darini na mvuke wote unaishia kwenye mbao za paa. Halafu analetwa fundi kupaka rangi nyeupe juu ya ukungu ulio hai! Wiki chache tu unachungulia tena. Nanyi mnaotumia mita ya kulipia kabla, mnawasha hita saa ngapi kwa siku mpaka ukuta wenyewe upate joto?